Kifuniko Kilichofungwa kwa Mpira wa Baiskeli

Kila mwaka, ifikapo Juni, huwa nawatangazia wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kanuni moja ambayo leo nakiri kwamba niliitunga kwa hasira. Yeyote atakayechelewesha ripoti ya utafiti kwa sababu kompyuta yake imeharibika, aniletee kompyuta yenyewe mezani. "Msiniletee taarifa ya msiba," huwa naongeza, "nileteeni maiti." Darasa hucheka. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyewahi kuileta hiyo maiti, nami nikauchukulia ukimya huo kuwa uthibitisho kwamba visingizio vyote vilikuwa vya uongo.

Mwaka huu ililetwa.

Aliyeileta ni binti aliyepanga chumba Mkolani, kwenye mwinuko wenye mawe, mtaa ambao nami naishi ingawa hatukuwahi kujuana kama majirani. Alisimama mlangoni mwa ofisi, begi kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeileta, kama ulivyosema."

Kipakatalishi chake kilikuwa kimefungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, mpira uleule ambao waendesha baiskeli wa mji wetu hufungia madumu ya maji na matenga ya samaki. Alipoufungua, kifuniko hakikuinuka kama vinavyoinuka vifuniko. Kiliachama upande wa kushoto mithili ya mdomo wa sato sokoni, plastiki ya nje ikaachana na ya ndani, na bawaba ikabaki imesimama peke yake kama jino. Theluthi moja ya skrini ilikuwa na doa jeusi, kana kwamba mtu amemwaga wino; sehemu iliyosalia ilijaa michirizi ya kijani. Chini yake, hata hivyo, feni ilizunguka na taa ya chaji iliwaka.

"Inafanya kazi, mwalimu," alisema. "Tatizo haionekani."

Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku sita, na kwenye orodha yangu, mbele ya jina lake, nilikuwa nimekwisha kuandika "hakuwasilisha". Ndipo nilipouliza swali ambalo mwalimu mwenye busara angelitanguliza: ripoti yenyewe iko wapi? Akatoa flashi mfukoni. Ripoti ilikuwa imekamilika, sura zote tano, juu ya mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri na vikundi vya wanawake.

Nikamuuliza aliiandikaje. Sura ya nne na ya tano, alinieleza, alizichapa katika kibanda cha kuonyeshea mpira, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Aliazima waya wa kuunganishia kompyuta na televisheni, akawa anamlipa mwenye kibanda shilingi elfu mbili kwa asubuhi moja, akaketi benchi la mbele, kibodi mapajani na maandishi yake ukutani kwa ukubwa wa matokeo ya mechi. Wiki ile alipata asubuhi nne tu. Wapita njia walisoma matokeo ya utafiti wake kabla yangu. Mama mmoja auzaye vitumbua alisimama mlangoni, akalitazama jedwali, kisha akasema: "Mwanangu, hapo umekosea. Sisi marejesho ni ya mwezi, si ya wiki." Akarekebisha. Nimesimamia tafiti nyingi, na sikumbuki nyingine iliyohakikiwa na wahusika wake hadharani namna hiyo.

Nilimwomba aniachie kile kifaa hadi Jumatatu. Nilitaka kujua kilikufaje.

Wataalamu wa lugha walipounda neno kipakatalishi walitumia kitenzi kupakata, kile tunachokitumia kwa mtoto anayelazwa mapajani. Serikalini huandika "kompyuta mpakato", mzizi ni uleule. Wanafunzi husema laptopu na hawajali. Neno hili lina upole ambao kifaa chenyewe hakiupati. Jumamosi ile nililiacha gari nyumbani makusudi, nikapanda daladala pale Mkolani saa moja asubuhi, kipakatalishi cha binti yule kikiwa ndani ya begi mgongoni. Magari yatokayo Buhongwa hufika kwetu yamekwisha kujaa. Nyegezi walipanda watu waliotoka stendi ya mabasi na mizigo yao, na konda akatuhimiza turudi nyuma, nyuma kusikokuwapo. Kuanzia hapo hadi Butimba chuma cha kiti kilikuwa kimelisukuma begi kwenye uti wangu wa mgongo. Mkuyuni nilisikia mlio mdogo wa plastiki. Igogo nikaacha kusikiliza. Nilikuwa nimebeba kitu ambacho tayari kimevunjika, lakini nilijikuta nimekaza mabega kama mtu anayemkinga mtoto, na nikakumbuka kwamba safari hii ni yake ya kila siku, mara mbili.

Fundi yuko mjini, maeneo ya Makoroboi. Jina hilo ni kumbukumbu ya ufundi: hapo ndipo mafundi bati walipoyageuza makopo kuwa koroboi, taa za mafuta zilizowasomesha wengi wa kizazi changu. Fundi wangu huyu ana meza moja, taa moja ya kupinda shingo, na sanduku la vifuniko vitupu vilivyopangwa kama sahani. Alikitazama kipakatalishi kwa muda usiofika dakika moja.

"Mwalimu," alisema, "nyingi zinazoletwa hapa hazijafa. Zimevunjika shingo."

Akakifungua kifuniko chote ili anionyeshe. Vipakatalishi vingi huwa na bawaba mbili za chuma. Kila bawaba ina mkono unaoingia kwenye kifuniko na mwingine unaoingia kwenye mwili. Mikono hiyo hushikiliwa na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na skrubu hizo hazijakazwa kwenye chuma: zimekazwa kwenye vipete vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Bawaba hutengenezwa iwe ngumu ili skrini isimame pale ulipoiacha. Vumbi likiingia, na grisi ikikauka, ugumu huo huongezeka. Ukikifungua kifuniko kwa mkono mmoja, kwa kukivuta pembeni, bawaba moja hutangulia na nyingine hubaki nyuma, kifuniko hujisokota. Plastiki huvumilia mara elfu, kisha huchoka. Kipete cha shaba kikichomoka, nguvu yote huhamia kwenye ukingo wa skrini.

Na skrini, alivyonieleza, ni tabaka mbili za kioo chembamba kuliko cha dirisha, katikati yake kuna kimiminika kinachoongozwa kwa umeme. Kile nilichokiita doa la wino kilikuwa hicho kimiminika, kilichopoteza nafasi yake baada ya kioo kupasuka. Hakuna gundi ya kukirudisha. Aidha, wengi hawavunji skrini kwa kuidondosha. Huivunja kwa kuweka chaja ndani ya begi upande wa kifuniko, au kwa kufunga kifuniko juu ya kalamu iliyosahauliwa kwenye kibodi. Begi likibanwa, chaja hiyo hugeuka kuwa ngumi.

Nilijikumbuka. Mimi hufungua changu kwa mkono wa kushoto, kwa pembe, kwa sababu wa kulia huwa na kikombe cha chai.

Kisha akanipa vifuniko viwili kutoka kwenye sanduku, akaniambia nivishike pembeni na kuvisokota kama mtu anayekamua nguo. Cha kwanza kilitoka kwenye kompyuta mpya ya bei ya chini, nyembamba, ya kupendeza. Kilinipindia mikononi kama kava la daftari. Cha pili kilitoka kwenye mtumba wa ofisi fulani ya Ulaya, mweusi, mnene, wenye mikwaruzo ya miaka kumi, uliotengenezwa kwa aloi ya magnesi. Hakikutikisika. "Wazazi wanataka mpya," fundi alisema, "kwa sababu mpya ina boksi." Yeye mwenyewe anatumia ule wa mtumba.

Bei ya kurekebisha, skrini na kifuniko vyote vikiwa vya mtumba, ilikuwa shilingi 190,000. Katika miongozo ya mikopo ya elimu ya juu ya miaka ya karibuni, fungu la vitabu na viandikia ni shilingi 200,000 kwa mwaka mzima. Hata jina la fungu hilo ni la enzi ya daftari na kalamu, wakati ambapo kilichoweza kuvunjika ni ncha ya penseli.

Si kwamba watengenezaji hawakujua. Kompyuta ya kwanza kujulikana sana kwa kifuniko kinachokunjwa juu ya kibodi, GRiD Compass ya mwaka 1982 iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge, ilivikwa gamba la magnesi, na ilisafiri angani ndani ya vyombo vya NASA. Ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Uimara ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichofanyika baadaye ni kuuondoa, hatua kwa hatua, ili bei na uzito vishuke, na kuubakiza kwa wanajeshi, wanaanga na mameneja.

Leo uimara huuzwa kwa maneno. Kwenye maboksi utakuta MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani. Mojawapo ya majaribio yake ni kukidondosha kifaa mara 26, kwa kila uso, ukingo na pembe, kutoka kimo cha sentimita 122. Inatisha na kufariji kwa pamoja. Ila hakuna chombo kinachotoa cheti hicho: mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio atakayoyafanya, na huyafanya mwenyewe au kwa maabara aliyoikodi. Tena kudondoka si ugonjwa wetu mkuu. Sisi tunabanwa.

Katika eneo letu hili la maziwa makuu yupo aliyewahi kulifikiria suala hili kwa umakini, na hadithi yake ilianza kwa aibu. Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ndogo ya kijani kwa ajili ya watoto wa nchi maskini, yenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Kofi Annan aliuzungusha mkono ule, ukang'oka. Wasanifu wakarudi mezani. Kompyuta iliyotoka baadaye, XO, haikuwa na mkono. Kuta zake za plastiki zilikuwa na unene wa milimita 2, skrini yake ilishikwa na bawaba moja nene ya katikati, na antena zake mbili, zilizofanana na masikio ya sungura, zilishuka kufunika matundu ya pembeni ili vumbi lisiingie. Rwanda ilizigawa zaidi ya 200,000 katika shule za msingi. Mpango ule una wakosoaji wengi, nami ni mmoja wao. Walimu waliachwa nyuma, na kompyuta haifundishi peke yake. Lakini kwenye suala la kifuniko nawavulia kofia. Mtu fulani aliketi akajiuliza nani atakibeba kifaa hiki, na njia gani ataipita.

Kenya waliahidiana vipakatalishi vya darasa la kwanza wakati wa uchaguzi wa mwaka 2013; utekelezaji ulipoanza mwaka 2016, watoto walipewa vishikwambi. Ufaransa, tangu Januari 2021, muuzaji wa kompyuta mpakato analazimika kuandika pembeni ya bei alama, juu ya kumi, inayoonyesha kifaa kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Mnunuzi wa Lyon huiona alama hiyo kabla hajatoa pochi. Mnunuzi wa Mwanza huambiwa ukubwa wa diski.

Nasi hatukosi uwezo wa kuuliza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchi nzima, na tukajifunza kubonyeza *#06# kabla ya kununua, bibi vijijini na wajukuu wao. Mwaka huohuo tulipata Sera ya Taifa ya TEHAMA. Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 vilipomaliza kuhesabu watu vilipelekwa kwa walimu, kwa hiyo dola inajua kwamba kifaa cha umma kinaweza kuwa na maisha mawili. Ila tazama zabuni zetu. Nimeziona jedwali za vigezo kwa miaka mingi: kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa skrini kwa inchi, miezi ya dhamana. Kila kinachohesabika kipo. Bawaba haimo. Na kwa kuwa wazabuni wote watakuwa na prosesa ileile na kumbukumbu ileile, anayeshinda kwa bei ni yule aliyepunguza mahali ambapo jedwali halikuangalia, yaani kwenye plastiki ya kifuniko. Hakuna rushwa hapo, hakuna wa kupelekwa TAKUKURU. Sheria imefuatwa, na baada ya miezi kumi na minne kompyuta za idara nzima zimefungwa kwa gundi ya karatasi.

Mtumishi wa umma ambaye kompyuta yake imevunjika shingo huandika dokezo, akapewa nyingine au akakaa akisubiri na mshahara wake. Mwanafunzi wa Mkolani hana wa kumwandikia dokezo. Anaye mimi, na mimi nilikuwa nimemwambia alete maiti.

Jumatatu nilimrudishia kifaa chake. Fundi alikuwa ameshona ufa kwa waya uliotiwa moto, mtindo uleule wa mafundi wa viti vya plastiki na mabeseni, na ameibana bawaba kwa kipande cha bati. Skrini tuliiacha kama ilivyo. Binti alikataa nisimlipie skrini, akaniambia kwa adabu kwamba akimaliza chuo atanunua nyingine. Alichotaka kwangu ni alama zake. Alikuwa na haki. Nikaandika barua kwa kikao cha mitihani, nikiomba ripoti ipokelewe bila adhabu ya kuchelewa.

Kikaoni mwenzangu mmoja, mtu makini ninayemheshimu, alipinga. Tukikubali kifuniko leo, alisema, mwakani tutakubali chaja, na mwaka kesho kutwa tutakubali mvua. Waliowahisha, wengine kwa kuchapa kwenye simu usiku kucha, tutawaambia nini? Sikuwa na jibu zuri, na sina hata sasa. Nilieleza habari ya kibanda. Kuna aliyecheka, na kuna aliyeuliza waya ule unauzwa bei gani. Mwishowe ripoti ilipokelewa, ikapunguzwa alama tano. Nilimpa taarifa hiyo mwenyewe. Akasema, "Asante, mwalimu," kwa namna ambayo ilinifanya niangalie dirishani. Kanuni ya maiti nimeifuta.

Jambo jingine nililoweza kulifanya ni dogo zaidi. Idara yetu ilikuwa ikiandaa mahitaji ya kompyuta kumi na mbili za maabara, zile ambazo wanafunzi huazima, nami nilikuwa miongoni mwa waliotakiwa kupendekeza vigezo. Chini ya mstari wa kumbukumbu nikaongeza mstari wa bawaba na kifuniko. Siku ya tatu afisa ununuzi akanipigia simu.

"Shikamoo, mwalimu. Huu mstari wako wa tisa sijauelewa. Kwenye mfumo natakiwa kuweka kitu kinachopimika. Bawaba naipimaje?"

Nikamwambia: waagize walete sampuli moja, uiweke mezani, uifungue na kuifunga kwa mkono mmoja, kwa kuvuta pembe, mara mia tano mbele ya kamati, kisha weka kitabu kizito juu ya kifuniko, usiku kucha, chaja ikiwa chini ya kitabu. Asubuhi iwashe.

Alinyamaza kidogo, nikasikia anaandika.

"Kitabu cha kilo ngapi?" akauliza.